Mafuta ya Mkia wa Kondoo

Toka basi dogo liondoke mji wa Kochkor, mzee Sabyrbek alikuwa anakoholea mkono wa koti lake. Mama aliyekaa ubavuni pake, wala hawajuani, akamuuliza, "Baba, hicho kikohozi kina muda gani?"

"Mafua tu. Nakunywa mafuta ya mkia wa kondoo na maziwa ya moto."

"Nimeuliza muda."

"Tangu tuwashushe kondoo kutoka malisho ya mlimani."

Yaani mwezi mzima, na gari zima lilijua kuhesabu.

"Mafuta ni ya siku tatu nne, baba. Mwezi ni wa daktari. Damu je, inatoka?"

Sabyrbek akakisukuma kitambaa chake chini kabisa ya mfuko. "Wakinilaza, kondoo wataangaliwa na nani? Mke wangu haoni vizuri."

"Marehemu mume wangu alisema hivyohivyo kuhusu farasi wake," mama akasema taratibu, huku anamrekebishia skafu shingoni. "Farasi wapo, wamenona."

Gari likasimama hospitali, dereva akauliza kama kuna anayeshuka. Mama hakumhimiza mzee. Alisogeza tu magoti pembeni, mzee apate njia.