Kamera ya Kilori cha Bati

Benchi la nje ya kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile lilibeba kesi nzito. Masafa, dereva mstaafu, angesafiri kesho yake kwenda kuzunguka kule alikoahidi kumpeleka mkewe, kabla maradhi hayajamlaza mama wa watu kitandani. Mfukoni alikuwa na kilori cha bati, kidogo kama dole gumba, ambacho mkewe alikiunda kwa mkono wake akampa. “Kipige picha kila utakapofika,” alimwambia, “na mimi nitakuwa nimefika.” Sasa Masafa hakujua anunue kamera gani.

— Chukua yenye lenzi ndefu, alisema Wembe, kinyozi mwenyewe. Unaenda milimani wewe.

— Na kilori je? aliuliza Masafa.

— Kitajipenyeza humo humo.

— Acha kumpoteza mwenzio, alidakia Sentimita, fundi cherehani. Kitu kidogo kinataka kamera ndogo. Kubwa inakiruka tu, haina habari nacho.

— Na mlima? aliuliza Masafa.

— Unajikunja. Ukifika nyumbani unaukunjua, unaupiga pasi.

— Pasi kitu gani, alisema Wembe. Kamera kubwa hasa inapiga leo, picha inatoka na mvua ya keshokutwa.

Masafa alisonya, akaisukuma nyuma kofia yake ya kijani, akajimiminia kahawa. Hawa wangemrudisha kwa mkewe mikono mitupu.

— Shikamooni wazee wangu.

Alikuwa dada mpiga picha, mgeni mtaani, kamera shingoni, amefuata kahawa. Alikiomba kilori, akakiweka benchini, akapiga magoti, akapiga picha. Kisha akaikuza kwenye kioo cha kamera, na vichwa vitatu vikasogea.

Nyuma ya usukani alikaa mtu. Mtu mzima, mdogo kuliko punje ya mchele, ana kofia ya kijani na masharubu.

— Jamani, ni Masafa huyu, alinong'ona Wembe.

Masafa aliivua kofia yake. Mwaka mzima amekibeba kilori kile, na macho yake ya uzee hayakuwahi kuona kwamba ndani mna mtu.

— Na huyu mama wa kitambaa cha njano, pembeni ya dereva, aliuliza yule dada, ni nani?

Sentimita, aliyekishona kitambaa cha njano cha shemeji yake, mke wa Masafa, aliangalia chini. Masafa alijua jibu. Alikitwaa kilori benchini, akakishika kiganjani.

— Kamera kama hii, mwanangu, alisema, inauzwa wapi?