Mwalimu Nani-Aliona wa Chumba cha Mwisho

Marehemu mdogo wetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1969, kitindamimba wa fundi cherehani na mkunga. Mama husema alianza kuuliza maswali kabla ya kuota meno. Chumvi hiyo ni ya mama mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1992 akahitimu chuo cha ualimu.

Alifundisha historia ya Karne za Kati katika shule moja mpaka mwisho. Hakuanza na wafalme. Aliwasomea vijana maneno ya waliokuwapo: mjane aliyezingirwa na jeshi ndani ya ngome, tabibu aliyezika wanawe wakati wa tauni. Kisha aliwauliza, "Huyu aliona, au alisikia?" Wakamwita Mwalimu Nani-Aliona.

Mwaka 1997 alimwoa karani wa posta, ambaye anasema alichumbiwa kwa kuhojiwa kama shahidi mahakamani. Walijaliwa mabinti wawili.

Chumba chake kilikuwa cha mwisho, jirani na ghala. Paa lake kuukuu lilipukutisha vumbi jeupe juu ya madawati. Walimu wawili waliomtangulia humo walikufa kwa kifua. Siku moja mwaka 2022, wakisoma habari za tauni, mwanafunzi mmoja aliuliza, "Mwalimu, wale watu walijua lini?"

"Walijua mapema," akajibu. "Kila mtu alimngoja mwenzake aseme."

Kesho yake alikwenda kwa mkuu wa shule kumweleza habari za vumbi lile.

"Hiyo ni chokaa tu, mwalimu. Nikifunga chumba, watoto nitawaweka wapi?"

Akawahamishia vijana varandani. Mvua zilipoanza, aliamriwa kuwarudisha ndani.

Juni iliyofuata alianza kukohoa. Daktari alituonyesha picha ya mapafu, akasema hilo ni vumbi la miaka mingi. Pumzi ilipokuwa ya kuomba, aliniita mimi dada yake. "Siku ya kunizika, usije ukasoma kwamba niliugua ghafla," akasema. Alifariki asubuhi ya tarehe 11 Februari 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mama, mjane, mabinti wawili na sisi dada zake watatu. Ameacha pia wanafunzi wake, wale waliosimama nyuma, ambao Jumatatu wanarudi katika chumba kilekile, na mwalimu kijana aliyepewa nafasi yake. Tangu tuanze ibada hii, sote tumemsikia kijana huyo akikohoa.

Mola amlaze mdogo wetu penye hewa safi.