Buti Chini ya Benchi

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi viatu, na ukikaa pale huwezi kuukwepa mlima, upo tu mwisho wa barabara, umekaa kama mtu anayesubiri ajibiwe. Wenye benchi lao ni watatu. Kuna Fundi, ambaye kiatu chochote ukimpelekea atakwambia njoo kesho, na kesho yake atakwambia njoo kesho. Kuna Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila neno la mwenzake lazima alisimamishe kwanza. Na kuna Redio, kinyozi wa kibanda cha jirani, ambaye hajawahi kuzimwa. Anayewauzia kahawa ni Mama Kichanga, binti mdogo tu, mtoto mgongoni, birika mkononi, na asubuhi ile moyo ulimdunda mpaka akaogopa mtoto ataamka kwa kelele zake, maana chini ya ubao ule, nyuma ya miguu ya Redio, ndani ya mfuko mtupu wa saruji, zilikuwepo buti za mama yake mzazi, zimeshonwa zimekwisha, zimepakwa rangi, na yeye ndiye aliyemwomba Fundi azifiche. Gari la kwenda mlimani lingeondoka saa sita. Likiondoka bila mama, basi mama yupo, yupo nyumbani, yupo hai.

— Leo si ndiyo siku ya Bibi Mabuti? — Redio alianza, kikombe hakijafika mdomoni. — Mtaa mzima unajua. Bibi mvi kichwa kizima, anavuka mlima kwa miguu, atokee upande wa pili!

— Simama hapo hapo, — alisema Breki. — Anavuka kufuata nini? Mimi na lori langu tulikuwa tukiufikia huo mlima, tunashusha mzigo, tunageuza. Mlima umewekwa ili watu wajue pa kugeuzia.

— Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, — alijibu Redio. Sasa mtaka cha kileleni afanyeje? Wahenga kimya. Maana yake wamekataza.

Fundi alikohoa, akasogeza kisigino kuufunika mfuko.

— Mimi sijui kitu, — alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mama Kichanga alimimina kahawa, ikamwagika pembeni. Alitaka waseme neno moja tu, hatari, mtu mwingine aliseme, asiwe yeye peke yake anayelifikiria kila akifumba macho.

— Lakini si hatari, baba zangu? Kwa umri ule?

— Hatari tupu! — alisema Redio. — Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Simama. Mkuu hapa ni nani? Si bibi mwenyewe? Basi asiyemsikia ni huyu binti yake. Mama Kichanga, chunga guu lako.

Mama Kichanga akaitazama miguu yake, hata hakujua kwa nini.

— Mimi nawaambia anakimbia, — Redio aliendelea. — Mjukuu analia usiku kucha, bibi kapima, kaona bora chui.

— Hakimbii mtu. Kuna mzee huko, — alisema Breki. — Nimemwona anaanika soksi mpya. Mwanamke hanunui soksi kwa ajili ya mawe.

— Mzee mmoja? Ana kijiji kizima! Hujajiuliza kwa nini magoti yake hayalii? Yako yanalia, yangu yanalia. Yeye kila akirudi safarini anatembea kama mwari. Anabadilishiwa, bwana. Huko nyuma kuna watu wanabadilisha magoti kama matairi.

— Magoti hayabadilishwi bila jeki.

— Jeki wanayo!

— Fundi, wewe ndiye unayemshonea buti. Soli zake huwa zinarudi na udongo gani?

— Njoo kesho, — alisema Fundi, kwa mazoea, halafu akajikamata. — Yaani, sijui.

Redio akashusha pumzi, akagonga kikombe kwenye ubao.

— Basi tuseme ukweli, ndugu zangu. Kizee kimechanganyikiwa. Mtu mwenye akili zake haachi kitanda akalale kwenye baridi.

Hapo birika likatua chini kwa kishindo.

— Mama yangu hajachanganyikiwa! — alisema Mama Kichanga, na maneno yakaanza kumtoka yakisukumana. — Mama yangu alipokuwa msichana alitumwa maji akaufuata mto mpaka unapoanzia, akarudi kesho yake na ndoo imejaa maji ya chemchemi, akachapwa, lakini maji waliyanywa! Amevuka jangwa juu ya magunia ya chumvi. Amelala pangoni mvua ikipiga. Alikuwa mpishi wa shule, likizo ikifika wenzake wanalala, yeye anakwenda kuona maporomoko aliyoyasikia kwa watu, na marehemu baba alimbebea mkoba mpaka stendi, akirudi anatamba mtaani, mke wangu kaenda! Na mimi, uchungu uliponikamata nikasema nakufa, siwezi, nani alinishika? Aliniambia mwanangu, kila mwinuko una mahali pa kupumulia, patafute hapo, usitazame juu. Nikapatafuta! Nikapapata! Mtoto huyu hapa! Na nyinyi mnaogeuza, mnanieleza nini kuhusu mama yangu?

Mtoto mgongoni alijinyoosha, akalala tena. Fundi aliinua macho kutoka kwenye sindano yake, akasema kwa sauti ya chini:

— Mwanangu, umejisikia ulivyosema?

Alikuwa amejisikia. Uso ulimwaka. Kumbe maneno yote yale alikuwa nayo, yamejaa kifuani siku zote, na juu yake akaweka woga kama mfuniko.

Akageuka, na mama yake alikuwa anakuja.

Alikuja na mkoba mgongoni, fimbo mkononi, kanga imefungwa kibwebwe juu ya suruali. Miguuni alivaa malapa, na malapa yenyewe ameyakaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli.

— Fundi, hujambo. Leo usinipe kesho, nimeshafunga mzigo. Kama buti bado, nakwenda na haya.

— Bibi, shikamoo, — alisema Redio, akisimama nusu. — Tulikuwa tunakusifu.

— Marahaba. Nimewasikia tangu kona. — Akaelekeza fimbo mwisho wa barabara. — Nyinyi mmezeekea hapa, kila asubuhi mnautazama. Nyuma yake kuna nini?

Redio, kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alizimika.

— Hata mimi sijui, — alisema Bibi Mabuti. — Ndiyo maana.

Mama Kichanga aliyatazama yale malapa, vidole vya mama yake vimechungulia nje, vidole vilevile vya kupanda mawe. Akainama na mtoto mgongoni, akapitisha mkono kati ya miguu ya Redio, akauvuta mfuko wa saruji.

— Zilikuwa tayari tangu juzi, mama. Ni mimi. Nilimwambia Fundi azifiche.

— Ulitaka nisiende.

— Nilitaka usife.

— Na mimi sitaki kufa, mwanangu. Ndiyo maana nilizileta kwa fundi.

Akakaa kwenye benchi, akanyoosha mguu kama mtoto anayevishwa. Mama Kichanga akapiga magoti vumbini, akamvua malapa, akamvalisha buti, akaivuta kamba, akapiga fundo, akapiga la pili juu yake. Mafundo yalishika.

— Mtoto akikohoa usiku, — mama yake alisema juu ya kichwa chake, — msikilize kwanza, ndipo uogope.

— Ndiyo, mama.

— Na ukiogopa?

— Natafuta mahali pa kupumulia.

Bibi Mabuti alisimama, akakanyaga ardhi mara mbili kuzijaribu soli, akamwitikia Fundi kwa kichwa, akambusu mjukuu kisogoni, akaenda. Hakugeuka. Mgongo ulikuwa umenyooka kama wa askari, fimbo inagonga, watu wa madukani wanatoka milangoni kumtazama. Kule mbele mwanamke mmoja mpita njia, mgeni wa mtaa, alimpisha, halafu akafika kijiweni na kiatu kimekatika kisigino, bado anatazama nyuma.

— Yule bibi ni nani?

Redio alivuta pumzi ya kuanza. Mama Kichanga hakumpa nafasi.

— Mama yangu yule! — alisema, na sauti ilipanda hadi mwenyewe akashangaa. — Mama yangu mzazi! Anavuka mlima!

Breki hakuusimamisha usemi huo. Redio akanyoosha kikombe taratibu, macho yakiwa barabarani.

— Tumiminie, Mama Kichanga. Tumsubiri, atuambie kuna nini.

Akaliinamisha birika. Likatoa tone moja.

— Imekwisha, — alisema, akimkaza mtoto mgongoni. — Njooni kesho.