Mama Kete na Namba Thelathini na Saba

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza, haya ndiyo maisha ya mama mnayemfahamu kwa jina la Mama Kete. Yameandikwa na mdogo wake wa pekee, ambaye ndiye anayeyasoma. Marehemu mwenyewe aliagiza iwe hivyo, siku nne kabla ya kuondoka, na akaweka sharti: "Usinipambe. Na usijifiche." Kwa hiyo mdogo wake hatajificha.

Mama Kete alizaliwa Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1962, akiwa mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji. Chumba alichozaliwa kilitenganishwa na karakana ya baba kwa ukuta wa mbao, na bibi alipenda kusema mtoto yule alisikia randa kabla ya kusikia sauti ya mama yake. Mdogo wake alifuata miaka mitano baadaye, na tangu alipopata akili alikuta nafasi ya kwanza imekwisha kukaliwa. Gauni lilikuwa la dada. Godoro lilikuwa la dada. Hata mdoli wa kitambaa aliyepewa alikuwa tayari ana jina.

Dada alipokuwa na umri wa miaka kumi aliokota vipande vya mbao chini ya meza ya baba, akatengeneza bata wa kuvuta kwa kamba. Matundu ya magurudumu aliyatoboa pembeni badala ya katikati, kwa hiyo bata akawa anatembea huku anayumba kama mama mnene aliyechelewa ibada. Baba alicheka mpaka akaweka msumeno chini. Akamweka bata dirishani, na wateja waliokuja kuagiza vitanda wakawa wanamuulizia bata. Mdogo wake naye, wakati huo ana miaka mitano, alisaidiwa na baba akatengeneza bata wake. Wake alitobolewa katikati sawasawa. Akatembea kama gari. Baba akasema, "Umefanya vizuri, mwanangu," kisha akageuka kumtazama wa dirishani.

Marehemu alianza shule ya msingi mwaka 1970 akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Hesabu zilikuwa chakula chake. Aliwafundisha wenzake kugawanya kwa vizibo vya soda, akivipanga chini kwenye vumbi, na hapo ndipo jina la Kete lilipoanzia. La Mama lilikuja baadaye lenyewe. Mdogo wake alimaliza mwaka 1980, na kila mwalimu aliyemkuta alimuuliza, "Wewe ndiye mdogo wake Kete?" Kwa kitu kimoja tu alimshinda dada yake, nacho ni mwandiko. Wa dada ulikuwa kama kuku amepita mezani na miguu yenye wino. Wa mdogo wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mwalimu mkuu alimwita kuandika matangazo ya shule nzima. Huo ulikuwa utajiri wake wote, na aliulinda.

Mwaka 1978 marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha maboksi, kitengo cha kukata. Alifanya kazi huko miaka kumi na mitano, akajua kadibodi kama wengine wanavyojua nguo: ipi hukunjika bila kupasuka, ipi huvimba ikipata unyevu. Mdogo wake alirithi cherehani ya mama, akashona sare za shule barazani.

Ndoa ya marehemu ilifungwa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986, na shemeji yetu fundi wa magari, ambaye amekaa hapa mbele. Shemeji ataniwia radhi. Kabla ya posa alileta suruali moja kwa mdogo wa marehemu ipunguzwe. Wiki iliyofuata akaileta tena, bado ndefu. Wiki ya tatu akaileta tena. Suruali ikawa inakaribia kuwa kaptula, na fundi cherehani, binti wa miaka kumi na tisa, akaanza kuamini kwamba anafuatwa yeye. Alipouliza kwa haya, "Kaka, unataka nini hasa?" shemeji alijibu, "Dada yako hutoka kazini saa ngapi?" Gauni la harusi mnaweza kudhani alilishona nani, na kila mshono ulinyooka, maana Mungu alimsaidia mikono hata pale moyo ulipokataa. Mungu hakuwajalia watoto. Mdogo wake alijaliwa watatu, na kwa hilo alijiona yuko mbele. Hilo limekuwa gumu kuliandika, lakini sharti ni sharti.

Kiwanda kilifungwa mwishoni mwa mwaka 1993. Wenzake walitafuta ajira nyingine. Yeye, mwezi Februari 1994, alitoa vitanda kwenye chumba cha mbele, akaingiza meza ya baba, akabandika mlangoni kibao kilichosema: TUNATENGENEZA VITU VYA KUCHEZEA. Herufi mnajua aliziandika nani. Alianza na yule yule bata wa kuyumba, akaongeza malori ya mbao, na pia fumbo la vipande vya kuunganisha mchoro wa mwili wa binadamu, lililokuwa na figo tatu mpaka muuguzi mmoja alipomwambia. Mwenye duka la vifaa vya shule alipopelekewa bata alimgeuza chini juu akasema, "Mama, watu hapa wananunua madaftari. Mchezo mtoto anajitafutia mwenyewe." Marehemu akamwachia bata kaunta, akaenda zake. Baada ya siku tatu mwenye duka alituma mtu kuulizia wengine kumi na wawili, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amemburuta huyo wa kwanza mpaka kichwa kikatoka.

Alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Hakuna mchezo uliotoka nje ya chumba kile kabla hajaucheza kwanza na mdogo wake. "Wewe uso wako haujui kusema uongo," alimwambia. "Ukichoka, mashavu yanashuka." Mdogo wake aliacha cherehani, akacheza, mashavu yakashuka, na mchezo ukatupwa. Michezo ishirini na mitatu ilikufa hivyo. Kisha watu waliponunua ule uliopona walimsifu Mama Kete, na mdogo wake akarudi kushona vifuko vya kuwekea kete. Alimwomba Mungu amwondolee wivu. Mungu alimwondolea malaria, akamwondolea deni la kodi, wivu akamwachia.

Mwaka 1997 marehemu alibuni mchezo wa ubaoni aliouita Twende Sokoni. Una vyumba themanini, miraba yenye namba. Unarusha dadu, unakwenda sokoni, unanunua vitu, unarudi nyumbani kabla ya mvua. Safari hii mashavu ya mdogo wake hayakushuka. Akacheza mara nne bila kuombwa. Dada alichora ubao mkubwa wa kupelekwa kwa mpiga chapa, akaandika namba kwa penseli hafifu, akamwomba mdogo wake azipitie kwa wino.

Siku hiyo hiyo alikuja mwandishi wa gazeti na kamera yake. Alimpiga picha Mama Kete na bata, Mama Kete na ubao, Mama Kete akicheka. Kisha akamtazama aliyekuwa dirishani na sindano mkononi, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mama, sogea kidogo, unaziba mwanga." Mdogo wake akasogea. Picha ilipotoka gazetini, kiwiko chake kimoja kilionekana.

Mwandishi alipoondoka, dada alitoka kumsindikiza. Mdogo wake akaketi mbele ya ubao na kalamu. Akaandika vizuri mpaka thelathini na sita. Kisha akachukua kifutio, akafuta thelathini na saba ya penseli, akaandika thelathini na nane palepale, akaendelea hivyo, kila chumba akikisogeza mbele, mpaka mwisho ukawa themanini na moja. Hakukosea. Alijua anachofanya. Alijua pia kwamba kwenye chumba ambacho sasa ni hamsini na mbili dada ameandika: "Umesahau kikapu. Rudi 37."

Mbao mia tatu zilichapwa. Watoto wa mtaa waliopewa za kwanza walirudi mbio. "Mama Kete, thelathini na saba iko wapi?" Mdogo wake alikuwa barazani, mguu umeganda juu ya pedali. Marehemu aliukunjua ubao, akaweka kidole pale kati ya thelathini na sita na thelathini na nane, akasema bila kusita, "Haipo. Ukiambiwa urudi hapo, umepotea. Unatoka ubaoni, unakaa, mpaka mwenzako mmoja akubali kuacha zamu yake akufuate."

"Na asipokubali mtu?"

"Mwombe. Una mdomo."

Mnajua yaliyofuata, maana wengi wenu mmekulia humo. Watoto walisahau mvua, wakasahau kununua. Walichotaka ni kupotea, waanze kubembeleza: "Nifuate basi, nitakupa kiti changu, nifuate." Jina la Twende Sokoni lilikufa, watu waliingia dukani wakaomba Nifuate. Walimu waliuagiza, na baadaye maduka ya miji mingine. Mwaka 2003 marehemu alihamia karakana kubwa yenye wafanyakazi kumi na mmoja. Juu ya boksi iliandikwa: Umebuniwa na Mama Kete. Kwa miaka ishirini na saba mdogo wake aliyasoma maneno hayo akijua kitu ambacho hakuweza kukidai. Angesemaje? Kwamba sehemu tamu ya mchezo ilikuwa yake, na aliitengeneza kwa kutaka uharibike?

Wivu ulizidi pale binti yake wa mwisho, aliyeitwa na wote Kibatari kwa kuwa hakulala mapema, alipomaliza shule mwaka 2011 akasema hataki cherehani, anakwenda kwa Mama Mkubwa. Alijifunza kila kitu. Alipokuwa akirudi nyumbani jioni ilikuwa Mama Mkubwa amesema hivi, Mama Mkubwa amecheka vile. Mama yake alimpakulia chakula akasema, "Na Mama Mkubwa hakukulisha?" Hilo nalo analiombea msamaha leo, mbele yenu.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2024 marehemu alianza kulalamika maumivu ya mgongo na kukosa hamu ya kula. Mwezi Machi hospitali kuu ilikuta uvimbe kwenye kongosho, na daktari alisema umechelewa kuonekana. Marehemu alimuuliza daktari, "Zamu ngapi zimebaki?" Daktari hakumwelewa, naye hakumfafanulia.

Jumatano, tarehe 15 Mei, saa za kuona wagonjwa, mdogo wake aliingia wodini akiwa ameazimia kusema. Alikuwa amefunga na kusali siku tatu kwa ajili hiyo. Akamkuta dada ameegemea mito, ubao umetandikwa juu ya meza ya kulia kitandani, ule ubao wa asili wa wino, ambao hakuwa ameuona tangu mwaka 1997.

"Kaa," dada alisema. "Tucheze kabla hawajakufukuza."

Walicheza. Dada alikuwa amebakiza vyumba vitatu afike nyumbani wakati kete ya mdogo wake ilipotua hamsini na mbili. Akaitoa ubaoni, akaishika kiganjani. Zamu ilikuwa ya dada. Dada akasukuma dadu pembeni.

"Nakufuata."

"Usinifuate, dada. Ni mimi niliyeiondoa. Niliifuta kwa makusudi."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Vumbi la kifutio lilikuwa bado liko juu ya ubao. Nililipuliza mwenyewe kabla ya kuupeleka kwa mpiga chapa."

Mdogo wake akauliza kwa nini basi aliupeleka.

"Mwandiko wako nisingeweza kuuiga," dada alisema. "Kuurekebisha ilikuwa lazima nikuite. Nikikuita, lazima nikuulize. Nikikuuliza, ungechukua cherehani yako uende, na mimi ningecheza na nani? Nikakaa jioni ile nikatafuta sheria ya kulifunika lile pengo." Akaitazama kete kiganjani mwa mdogo wake. "Na ulipokuwa umekaa nje miaka yote hii nilingoja uniite. Una mdomo."

Kisha akarudisha kete ya mdogo wake ubaoni, akamwagiza aandike maneno haya ya leo, na muuguzi akasema muda umekwisha. Mchezo haukumalizika. Mdogo wake alitoka wodini analia, na katikati ya kilio, Mungu anamjua, alimwonea dada yake wivu tena, kwamba hata kusamehe amemtangulia.

Marehemu alilala usingizi wa mwisho Jumapili, tarehe 19 Mei 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Shemeji alikuwa amemshika mkono.

Ameacha mume; mtoto wa mdogo wake, Kibatari, aliyemwachia karakana; wafanyakazi kumi na mmoja; bata mmoja wa mwaka 1972 ambaye bado anayumba; na mdogo wake, aliyeandika kwa mkono wake namba zote za ubao ule isipokuwa moja.

Dada amefika nyumbani kabla ya mvua. Mwenyezi Mungu ampokee na ampumzishe. Na mdogo wake, siku zamu yake itakapofika, anaomba afuatwe.