Siku Ambayo Dhadho Buya Hakushuka Garini

Wasifu huu unasomwa na Chande Buya, mdogo wa marehemu, hapa Kulesa, leo Jumatano tarehe 11 Februari 1959. Mjane amemwomba ausome wote bila kuruka mstari. Kwa zaidi ya miaka miwili jina la marehemu limetajwa vibaya madukani Garsen na kule kivukoni, na familia haitaki udongo umfunike kabla neno hilo halijasahihishwa.

Dhadho Buya alizaliwa hapa Kulesa tarehe 3 Machi 1914, mtoto wa kwanza wa Mzee Buya na Mama Tuneya, ambao wote wametangulia. Wazazi wake walilima mpunga na mahindi ukingoni mwa Tana, na mto ulipohamisha ukingo, wao nao walihama na majembe yao.

Mwaka 1924 alipelekwa shule ya misheni Ngao, akasoma miaka mitano. Hesabu aliipenda, imla ilimshinda. Hata alipokuwa mtu mzima, barua zake zilipitiwa na mkewe nyumbani kabla ya kutiwa kwenye bahasha, naye akisimama pembeni na kusema, "Haya, mwalimu, nimepata ngapi?"

Mwaka 1930 alikwenda Malindi kuwa utingo wa lori, na huko ndiko alikojifunza kuendesha. Vita vilipokuja aliingia jeshi la Keya, mwaka 1940, akaendesha malori ya jeshi hadi Uhabeshi. Siku moja kwenye mteremko lori lililokuwa mbele yake lilivunjika springi, likaacha njia, na watu wanne aliokula nao asubuhi ile wakafa. Hakupenda kulizungumza jambo hilo. Ila tangu hapo hakuondoa gari kwa safari ndefu kabla ya kulikagua.

Mwaka 1951 aliajiriwa Garsen kuendesha Land Rover ya ofisi moja ya serikali, na waliosafiri naye wanaujua utaratibu wake. Alilisimamisha gari mahali palipo sawa, akapima kwa shibiri kutoka bawa la tairi hadi katikati ya gurudumu, pembe zote nne. Pembe iliyopungua, springi yake imechoka. Kisha alilala chali mvunguni, akapitisha kidole juu ya kila chuma cha springi kutafuta ufa, akagonga kwa spana zile bolti zinazoifunga springi kwenye ekseli, akisikiliza. Njiani, kila baada ya maili ishirini za barabara mbovu, alishuka tena na kuzishika shokomzoba, zile zinazotuliza mrusho wa springi, kwa kiganja. Iliyo moto inafanya kazi. Iliyo baridi baada ya makorongo yote yale imekufa.

Abiria walinung'unika. Mzee Dukicha Galma, mfugaji wa Kiorma ambaye alipakiwa mara nyingi, alikuwa akimtania mbele ya watu: "Bwana Dhadho, sisi nakamua ng'ombe asubuhi na jioni. Wewe gari yako nakamua mara ngapi?"

"Ng'ombe akiumwa atalia, mzee," marehemu alimjibu kutoka mvunguni. "Gari hunyamaza mpaka likuue."

Jumamosi tarehe 16 Agosti 1947 alimwoa Asenath, mwalimu wa shule, binti ya Mzee Pekeshe wa Hewani. Lori la kumchukua bibi harusi liliazimwa, na kwa kuwa liliazimwa marehemu hakuliamini. Bibi harusi alikwishapandishwa, nyimbo zimepamba moto, bwana harusi haonekani. Shangazi Mashavu aliinama, akaona viatu vipya vimechomoza chini ya lori. "We bwana harusi!" akapaza sauti. "Mke yuko huku juu! Huko chini unachumbia nani?" Alitoka na doa la grisi kifuani. Shati lile limetunzwa hadi leo, na doa lake. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza akapewa jina la babu yake, Buya.

Sasa linafuata jambo lenyewe.

Jumatano tarehe 21 Novemba 1956, wakati wa mvua za vuli, Huka, mke wa Mzee Dukicha, alikuwa na uchungu wa kuzaa kwa siku ya pili, na mkunga alikuwa amekata tamaa. Marehemu alipewa ruhusa ampeleke hospitali Malindi. Asubuhi kabla ya kuondoka alilikagua gari, nalo lilikuwa zima. Walipanda Huka, mumewe, na Asenath, ambaye aliombwa amshikilie mgonjwa njiani. Walipovuka korongo moja lililochimbwa na mvua, gurudumu la nyuma la kushoto lilipiga jiwe. Marehemu akapunguza mwendo.

"Nashuka mara moja," alisema.

Huka alikuwa ameuma kitambaa, na mkono wake ulikuwa umepoa. Mzee Dukicha alikuwa ameinama akimwombea kwa Kiorma, wala hakusikia yaliyosemwa.

"Baba Buya, mama huyu anakufa," mkewe alimwambia. "Leo hizo springi zako ziache. Twende!"

Marehemu alimtazama mkewe. Kisha akaondoa gari.

Baada ya maili tisa chuma kikuu cha springi ile kilikatika. Ekseli ikasogea nyuma, gari likaserereka na kulala ubavu mtaroni. Hakuna aliyevunjika. Lakini Huka alijifungua pale pale, juu ya turubai, mvua ikinyesha, na mtoto, wa kiume, hakuvuta pumzi. Lori la kwanza lilipita baada ya muda wa saa nne. Huka aliokolewa, Mungu ashukuriwe kwa hilo.

Fundi alipokitazama kile chuma aliona nusu ya mahali kilipokatika pameingia tope, na nusu pang'aavu. Maana yake ufa ulianza kwenye lile jiwe. Kidole cha Dhadho Buya kingeukuta, naye angeifunga springi kwa gongo na kamba, kama alivyofanya mara nyingi, na wangefika polepole.

Ofisini aliulizwa, "Ulishuka kukagua?"

"Sikushuka."

"Kwa nini?"

"Kosa ni langu. Dereva ni mimi."

Aliachishwa kazi tarehe 5 Januari 1957. Wakasema alikuwa amelewa tembo, mtu ambaye hakuwahi kulionja. Wengine wakasema alisinzia. Mzee Dukicha hakusema lolote kati ya hayo. Alikuja nyumbani kwa miguu, akaketi, akakataa chai.

"Bwana Dhadho, mimi hapana taka ugomvi," alisema. "Mtoto ni wa Mungu, yeye nachukua. Mimi nataka jua tu. Siku zote wewe nashuka. Siku ile kwa nini hapana shuka?"

"Nilichoka, mzee," marehemu alimjibu.

Asenath alikuwa mlangoni na sinia ya chai mkononi. Alisikia swali, akasikia na jibu, akairudisha sinia jikoni.

Marehemu alirudi kwenye shamba la baba yake akalima mpunga. Mwezi wa Agosti 1958 miguu ilianza kuvimba, kisha kifua kikambana. Dawa zilimpa nafuu ya wiki chache tu. Mwezi uliopita mkewe alileta karatasi kando ya kitanda, akasema anaiandikia ofisi ukweli wote.

"Weka kalamu chini, Mama Buya," alimwambia. "Watu wanakuletea watoto wao uwafundishe. Mimi gari nimesharudisha."

"Na jina lako?"

"Wewe unalijua. Inatosha."

Alifariki nyumbani, Jumatatu tarehe 9 Februari 1959, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Ameacha mjane, Asenath; watoto wake Buya, Rosina na Tuneya; mdogo wake, Chande; na shangazi yake, Mashavu.

Agizo la marehemu, mjane amelivunja leo, kwa hiari yake na kwa akili timamu, mbele ya wazazi wa wanafunzi wake. Haitoshi yeye peke yake kulijua jina lile. Mzee Dukicha na Mama Huka, ambao mmekuja kutoka malishoni kumzika, mlidanganywa siku ile. Mume huyu hakuchoka. Alitaka kushuka, na mkewe ndiye aliyemkataza. Nakala ya maneno haya imepelekwa ofisini Garsen asubuhi hii.

Mungu ampumzishe Dhadho Buya kwa amani, na lawama aliyoibeba iondoke juu yake, imrudie mwenye nayo, aliyeuandika wasifu huu, ambaye yuko hapa.