Lalita Solanki na Maji ya Saa Moja Jioni

Ijumaa, tarehe 26 Septemba 2025, Bi Lalita Solanki anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha Tyseley, Birmingham, kwa miaka thelathini na minane na siku kumi na tisa. Hizo siku kumi na tisa amezihesabu mwenyewe. Tunaziandika kwa sababu tunamjua: atalisoma jarida hili akiwa na kalamu nyekundu mkononi.

Alizaliwa Kisumu mwaka 1958, binti wa mwenye mashine ya kusaga unga. Akiwa na miaka kumi familia ilihamia Birmingham na kupanga vyumba viwili Erdington, ambako bado anaishi, mitaa mitatu kutoka pale. Alianza kazi hapa Jumatatu ya tarehe 7 Septemba 1987, kwenye meza ya kuunganisha swichi za saa. Siku hizo swichi zetu zilikwenda katika nyumba za Waingereza zenye vipasha joto vya matofali. Usiku, umeme ukiwa mwingi na watumiaji wamelala, swichi hujiwasha na matofali hushika joto. Mchana hulitoa joto hilo taratibu. Bi Lalita aliziunganisha swichi hizo kwa miaka kumi na minne. Ndiyo maana wataalamu walipokuja baadaye na maneno marefu juu ya kuyasogeza matumizi ya umeme yaufuate umeme ulipo, aliwasikiliza kwa adabu, kama mpishi anayefundishwa chumvi ni nini.

Mwaka 1994 alifunga swichi moja katika chumba chetu cha chai. Birika kubwa hujizima lenyewe saa kumi kamili jioni, saa ambayo nchi nzima inarudi nyumbani na kuwasha kila kitu kwa pamoja. Brigid wa meza ya majaribio alilalamika kwa mwaka mzima. "Lalita, mpenzi, mama yangu alikuwa mkali lakini hakuwahi kuninyima chai." Alijibiwa kwamba chai ya saa tisa na nusu ina ladha ileile. Swichi ingalipo ukutani.

Ukurasa huu wa Kiswahili katika jarida ni matunda yake pia. Aliuomba mwaka 1999, watu wa Unguja, Mombasa na Bukavu walipokuwa wamefika wanane kiwandani. Mabishano juu ya Kiswahili cha nani ndicho safi hayajaisha mpaka leo. Mkubwa, mtunza stoo wetu kutoka Unguja, alipomwambia kwamba Kiswahili chake ni cha ziwani, alimjibu mbele ya watu: "Chako kizuri sana, bwana Mkubwa, ila kikifika mwisho wa sentensi chai imeshapoa." Mkubwa anaisimulia habari hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Lakini kazi tutakayomkumbukia zaidi ni ya India, nayo nusura imshinde.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 kitengo chetu cha kuhamisha saa za matumizi ya umeme, ambako Bi Lalita alikuwa amehamia, watu kumi na mmoja tu, kilipewa jaribio katika mji mdogo wa jimbo la Gujarat. India ya leo ina umeme mwingi wa jua adhuhuri. Jua likizama umeme huo hutoweka, na saa hiyohiyo watu huwasha feni, vipoza hewa na pampu za kupandisha maji kwenye matangi ya paani. Mitambo ya makaa ya mawe ndiyo hubebeshwa mzigo wote. Sisi tulitakiwa kuzihamisha pampu za nyumba mia nne na kumi na mbili kutoka jioni hadi mchana. Tulifunga swichi, tukatangaza bei nafuu ya mchana, tukawatumia wenye nyumba ujumbe wa simu. Bi Lalita aliuandika ujumbe huo kwa Kigujarati, lugha ya nyumbani kwao, mara ishirini na tatu kwa namna ishirini na tatu, kila mmoja wenye heshima kuliko uliotangulia.

Wiki sita zilipita na mstari wa matumizi haukushuka hata unywele. Saa moja jioni ulipanda kama ngazi, kila siku. Barua ikaja kutoka juu: matumizi ya jioni yasipopungua hadi mwisho wa Juni, kitengo kitafungwa. Rupesh, mhandisi aliyetuongoza, aliandika katika taarifa yake kwamba wakazi hawana ari. Bi Lalita alikuwa na miaka sitini na minne, na angeweza kuchukua mafao yake na kuondoka kwa heshima. Aliomba likizo, akakata tiketi, akaenda kuwaangalia hao wasio na ari.

Alifikia kwa mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Raksha, mjane mwenye tangi la lita elfu moja paani na swichi yetu ukutani. Siku ya pili, saa saba mchana, alimwomba aiwashe pampu. Raksha aliiwasha. Pampu ilinguruma, ikakohoa, ikatema pumzi. "Lalitaben," Raksha alimwuliza, kwa jina ambalo kule ni sawa na kusema dada Lalita, "unataka nipandishe nini? Hewa?"

Maji ya bomba katika mtaa ule, zilimo nyumba zote za jaribio letu, hufika saa moja jioni, kwa muda wa dakika hamsini, kisha hukatika hadi kesho yake. Anayetaka kuoga kesho ataiwasha pampu saa moja jioni, umeme uwe ghali au rahisi. Hakuna mtu Birmingham aliyekuwa ameuliza maji huja saa ngapi, kwa kuwa hapa bomba halina saa. Bi Lalita hakumlaumu Rupesh. Alitupigia simu, na sote tuliozunguka spika ya simu tulimsikia: "Nimelala katikati ya mapipa Kisumu, nikiamshwa alfajiri nikinge maji kabla hayajakatika. Mimi! Nikaandika jumbe ishirini na tatu bila kuuliza." Mkubwa alimwambia, "Basi umeshauliza, dada. Sasa fanya."

Alikwenda idara ya maji. Ofisa alimweleza kwamba ratiba ile aliikuta. Bi Lalita akaomba kuonana na afungaye na kufungua valvu, akampata: mzee mmoja mwenye baiskeli na ufunguo wa chuma wenye urefu wa mtu, aliyezungusha valvu za mji mzima kwa zamu tangu asubuhi. Mtaa wa Raksha ulikuwa wa mwisho kwa sababu ulikuwa karibu na nyumbani kwa mzee huyo. Eneo la karakana, lenye tangi kubwa la chini ya ardhi lisilohitaji pampu, lilipata maji saa saba mchana, na halikujali lipate saa ngapi. Ilikuwa ni kubadilishana tu. Yule mzee alitaka kujua nani atamrudisha nyumbani kutoka karakana gizani. Ofisa alimpatia taa ya baiskeli, na barua ya kubadili ratiba ikatiwa sahihi tarehe 3 Juni.

Hapo ndipo swichi zetu zilipopata kazi. Maji yalifika saa saba mchana, pampu zikajiwasha, matangi yakajaa Raksha akiwa darasani. Siku ya tisa mstari wa jioni ulishuka. Kufikia mwisho wa Juni umeme wa pampu saa za jioni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya nusu, na ile barua ya kutufunga ikaenda zake kabatini. Rupesh aliifuta sentensi yake kwa mkono wake na kuandika juu yake: "Hatukuuliza." Leo kitengo kina watu kumi na tisa, bila kumhesabu yeye, na miji minne mingine, na swali la kwanza katika fomu zetu zote ni saa ya maji.

Bi Lalita mwenyewe husema kuna jambo moja hakulirudisha. Wanawake wazee wa mtaa ule walizoea kukutana bombani saa moja jioni, na sasa hawakutani. Aliliandika katika taarifa yake ya mwisho, aya ya mwisho, ingawa hakuna aliyemtaka aliandike.

Sherehe ya kumuaga itakuwa saa saba mchana, kwa amri yake. Sambusa zitakaangwa kabla ya hapo.

Bi Lalita, ahsante kwa mikono yako na kwa swali lako. Nenda kwa afya, ukae na wajukuu wako, na maji yasikukatikie popote utakapokuwa. Jumatatu, saa kumi kamili jioni, birika litajizima katika chumba cha chai. Brigid atanung'unika, na watu kumi na tisa wa kitengo watainua vichwa kwa mlio wa swichi, kwa sababu bado wapo hapa wa kuusikia.

Ishaka, meza ya ukaguzi