Ngumi ya Chama Imekunjuliwa

Hapa kwa benchi yetu ya mtaa wa Ziwani mimi ndiye mwenye birika ya kahawa, kwa hivyo ukinikasirisha unakunywa hewa. Jumamosi asubuhi tawi la chama hukutana hapa. Tawi lenyewe ni wazee watatu: Komredi Owiti, fundi mstaafu wa reli, Ng'ang'a wa duka la vyuma, tunayemwita Misumari, na Wanyonyi, karani mstaafu, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kesho Owiti anaenda mkutano mkuu kupiga kura kwa niaba ya tawi. Desturi ya tawi ni kwamba mjumbe habebi maoni yake, anabeba neno la benchi. Makao makuu yanataka kufuta kile kifungu cha katiba ya chama kinachosema nyumba za umma ni mali ya wananchi na haziuzwi. Mahali pake wanaweka "ubia wenye tija". Tena wamepiga simu: mjumbe atakayepinga atafukuzwa chamani. Watu wazima hao, wanatisha mzee kwa simu!

— Tufute tu, alianza Misumari. Ujamaa ni maneno ya zamani. Vijana wa Buruburu ukiwaambia "chama cha wafanyakazi", wanakuuliza kazi iko wapi.

— Hata ile ngumi ya kwa bendera wameikunjua, akadakia Redio. Siku hizi ni kiganja.

— Ni cha kusalimia wawekezaji.

— Kusalimia wapi! Hicho kinangoja kuwekewa kitu.

— Wacha fitina, Redio.

— Fitina? Mwaka ujao utaona vidole viwili tu. Halafu kimoja. Kuna mtu mahali analipwa kwa kila kidole kinachotoka! Na rangi je? Ilikuwa nyekundu, sasa ni ya waridi. Nimeskia huko makao makuu kuna mashine kazi yake ni kufua bendera.

— Afadhali ifuliwe! Mimi nasema tuuze hata jina. Tuitwe Kampuni, kila mwanachama hisa moja. Tukishindwa uchaguzi, tunagawana faida.

— Faida ya kushindwa?

— Si ndiyo ubia wenye tija!

Nilicheka hadi nikamwaga kahawa. Owiti hakucheka.

— Mimi niko kwa hiki chama tangu vyama vingi viruhusiwe, akasema. Nimepigwa rungu nikiwa na hii kadi mfukoni. Mkisema nipinge, napinga, wanifukuze. Mkisema nikubali, nakubali. Lakini semeni mkiniangalia usoni.

Misumari aliangalia viatu vyake.

— Komredi, najua inauma. Lakini tumeshindwa kila mara. Nimechoka kushindwa, aki.

Hapo sikumcheka. Alisema kweli.

Ndipo akaja mwanamke na mfuko wa mitumba begani. Jina lake Lydiah, amehamia juzi kwa shangazi yake, mjane anayekaa kwa hizi nyumba za umma.

— Hamjambo wazee. Nimeambiwa hapa ndio wanapeana kadi za chama.

— Ndio hapa, mama, keti, akasema Misumari, na papo hapo akaanza kumweleza ubia. Mwekezaji anabomoa hizi nyumba, anajenga ghorofa, serikali inapata sehemu yake, kila mtu anafurahi. Lydiah alisikiza kwa heshima mpaka mwisho.

— Sawa, mzee. Na wakibomoa, shangazi atalala wapi?

Redio akamgeukia Misumari.

— Kutakuwa na utaratibu, akasema Misumari.

— Wapi?

Misumari alikuna kichwa. Akaangalia zile nyumba, akamwangalia Lydiah. Nilimjazia kikombe ili apate la kufanya, hakukigusa.

— Sijui, akasema. Aki ya nani, sijui.

— Basi nifanye nini kesho? Owiti akamuuliza.

— Pinga.

— Na wewe, Redio?

— Pinga, komredi.

Owiti alifunga vifungo vya koti polepole, mpaka cha juu.

— Nitapinga. Lakini kwanza nitawauliza watu wa makao makuu vile huyu mama ameuliza, neno kwa neno. Wanijibu mbele ya watu.

— Watakufukuza kabla hujamaliza kuuliza, nikamwambia. Mimi sina kadi, lakini mdomo ninao.

— Wacha wanifukuze, akasema Owiti, akamgeukia Lydiah. Mwambie shangazi yako ajiandae. Kesho asubuhi nampitia, tunaenda na yeye mkutanoni.